Harufu ya Mdalasini kwenye Kofia ya Merle

13 Septemba, Jumamosi
Msimu wa kuwinda kwa upinde umefunguliwa leo. Joto, mbu, upepo wa kusini. Merle alipanda dunguni, ulingo wetu wa mtini, alfajiri, akarudi saa nne mikono mitupu, akasema hajaona hata mkia. Mimi nilikuwa naosha vyombo nikamwona kulungu jike na watoto wake wawili wakipita kandokando ya miti, njia ile ile aliyorudia mume wangu, mbele yake kabisa. Nimenyamaza. Mwanamume akirudi mikono mitupu siku ya kwanza haambiwi mambo kama hayo.

Daftari hili kila mwaka ni la upepo, theluji na nani kaona nini. Mwaka huu nahisi litaandikwa mengine.

16 Septemba
Gordy, jirani yetu, amerudi tena kutoka Big Moraine, lile duka kubwa la wawindaji lililofunguliwa kando ya barabara kuu mwezi wa tano. Safari hii amenunua kulungu wa sponji wa kufanyia shabaha, mkubwa kama wa kweli, macho ya kioo. Amemsimamisha nyuma ya nyumba yake, ukingoni mwa msitu. Nimemwambia asije akampa na jina.

19 Septemba, Ijumaa
Samaki wa kukaanga, kama kila Ijumaa. Tulikaa wanne pale baa, meza yetu ya siku zote: mimi na Merle, Gordy, na Orv Jaskulski mwenye duka la chambo na risasi pale mjini. Sisi wanne ndio kambi ya uwindaji. Kila Novemba tunalala kibanda kimoja na kula sufuria moja, na hakuna tusilolijua la mwenzetu. Au ndivyo nilivyodhani.

Gordy alianza habari za Big Moraine kabla hata viazi havijaja.

"Choo chao, Orv! Kisafi kuliko jiko lako."

"Mimi nilikwenda mara moja, kumchungulia adui," Orv akasema. "Nikauliza risasi za thelathini-thelathini ziko wapi. Kijana akanipeleka kwenye mishumaa."

"Wana samaki wanaogelea humo humo dukani."

"Hata mimi nina samaki. Yuko kwenye barafu tangu juzi, njoo umtazame."

"Ukirudisha buti baada ya mwaka hawakuulizi neno."

"Kwangu nitakuuliza, kwa sababu najua ulizivaa ukizibua choo cha dada yako."

Tulicheka hadi mhudumu akaja kuuliza kuna nini. Mama mmoja wa meza ya jirani akaingilia, akasema duka lile lina bei nafuu za soksi tu, vingine vyote wanakukamua. Mumewe akasema afadhali kukamuliwa na watu wenye heshima. Kila mtu alikuwa na lake. Ndipo Merle akapiga meza.

"Duka la watalii lile! Siku mtu akinikuta mle ndani, anipige risasi anihesabu windo."

Orv akampiga bega kwa mapenzi. Merle hakuwa amemtazama Orv aliposema hayo. Alikuwa ameutazama mtungi wa bia.

Tuliporudi nyumbani nilitundika kofia yake msumarini, nikasikia harufu. Mdalasini na sukari ya kuungua. Naijua. Pale Big Moraine, mlangoni tu, wanakaanga lozi kwa sukari na mdalasini, na hata ukipita mbio harufu inakuganda. Nilikwenda mara moja mwezi wa tano, kama kila mtu. Merle anasema hajawahi kufika.

22 Septemba
Niandike hili kwa utulivu. Nguo za kuwindia katika nyumba hii hufuliwa kwa sabuni isiyo na harufu, kulungu asije akatunusa, huanikwa nje usiku kucha, kisha hufungiwa ndani ya sanduku pamoja na matawi ya msonobari. Mtu akishazivaa haingii hata kituo cha mafuta. Merle ndiye aliyenifundisha hivyo tulipokuwa wachumba. Alinizuia kupaka mafuta ya nywele kuanzia Oktoba.

Leo nimefungua sanduku lake. Koti lote linanuka lozi.

Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Huyu wangu naye anaficha kitu, na hata matawi ya msonobari hayakuweza kukifunika.

27 Septemba
Hanitazami usoni. Nimemchunguza wiki nzima. Nikimwita anageuka vizuri, lakini macho yanatua sikioni kwangu, au kwenye kabati nyuma yangu. Nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa na nywele nyeusi. Hajawahi kuzungumza na sikio langu.

1 Oktoba
Mvua. Merle amesema anakwenda kwa Orv kunoa visu. Nimempigia Orv kumuuliza kama ana minyoo ya chambo, nikatia na swali la pili, kama Merle kafika. Hajamwona tangu Ijumaa.

"Hakuna aliyewahi kunipigia kuomba minyoo ya chambo kwa sauti hiyo," Orv akasema. "Una nini wewe?" Nikamwambia mafua.

4 Oktoba, Jumamosi
Gordy amekuja anatweta. Mtu amempiga mshale kulungu wake wa sponji! Na si kwa shabaha ya kirafiki, amempiga kutoka msituni, jioni ya juzi, Gordy akiwa ndani anakula.

"Vijana," Merle akasema, bila kuinua kichwa kwenye supu.

"Vijana gani? Huyo ni mtu ananichukia. Na mshale nimeuacha pale pale, ni ushahidi. Nampigia sherifu wa polisi."

"Utamwambia sherifu umeuliwa sponji?"

Gordy akaondoka amenuna. Nilingoja Merle alale mchana, nikavuka ua. Mshale ulikuwa umezama shingoni. Manyoya yake matatu, ya manjano, yamefungwa kwa uzi mwekundu. Katika kaunti nzima mtu mmoja tu hufunga mishale yake hivyo, na alikuwa amelala kitandani kwangu anakoroma.

Niliung'oa. Nimeuficha nyuma ya mashine ya kufulia.

Nimekaa nafikiri mpaka kichwa kimeuma. Kukosea haiwezekani. Merle huyu ndiye anayeweza kukwambia umri wa dume kwa kumwona akivuka barabara. Hawezi kumdhania sponji kuwa nyama. Basi amempiga kwa chuki. Lakini chuki ya nini, na Gordy ni kama mdogo wake? Kwa sababu Gordy anasifu duka? Na yeye mwenyewe anakwenda huko kwa siri? Kikulacho ki nguoni mwako. Sijui tu kinamla nani.

5 Oktoba
Gordy amegundua ushahidi umetoweka. Sasa, anasema, ni watu wawili, mpigaji na mwizi. Atafunga kamera mtini.

11 Oktoba, Jumamosi
Nimefanya jambo nisilojivunia. Merle aliposema anakwenda mjini, niliazima gari la Gordy nikamwambia langu betri imekufa, nikamfuata mume wangu kwa mbali. Anaendesha taratibu siku hizi, magurudumu yake yanakumbatia mstari mweupe wa pembeni. Nilisema moyoni, mtu mwenye dhambi hana haraka. Hakugeuka kwenda mjini. Alishika barabara kuu.

Big Moraine siku ya Jumamosi ni kama kanisa siku ya Pasaka, ila watu wanapendana zaidi kanisani. Dari ya magogo. Mlima wa bandia katikati, umejaa wanyama waliokaushwa: dubu, mbuzi wa milimani, kulungu wa kila namna. Kulikuwa na baba anawapiga picha watoto chini ya dubu na bibi anagombana na mtu wa malipo juu ya kuponi. Mzee mmoja alinishika mkono bila kunijua akaniambia, "Usinunue glavu hapa, zinapasuka," kisha akaenda zake na glavu mbili kikapuni.

Merle nilimwona kaunta ya darubini. Mwanamke mwenye nywele nyekundu, si msichana lakini si mzee, alikuwa amemwinamia. Akamwambia kitu. Merle akacheka, kicheko chake cha zamani, ambacho sijakisikia jikoni kwangu tangu kiangazi. Kisha yule mwanamke akazunguka kaunta, akamshika kiwiko, wakatoka pamoja mpaka mlangoni. Wakasimama nje, bega kwa bega, wanatazama mbali.

Mimi nilikuwa nyuma ya dubu. Kijana wa duka akanikuta.

"Bibi, nikusaidie kutafuta kitu?"

"Nachagua dubu," nikamwambia.

Nimerudi nyumbani kabla yake. Amerudi, ametundika kofia, amesema mjini kulikuwa na baridi. Mdalasini umejaa ukumbini.

12 Oktoba
Mvua. Sijapika.

13 Oktoba
Mvua. Amepika yeye, mayai. Ameunguza.

18 Oktoba
Upepo wa kaskazini, barafu ya kwanza kwenye ndoo. Gordy ameleta dungu jipya kutoka huko huko, la ngazi, lina kiti cha watu wawili wakae ubavu kwa ubavu. Orv alikuwepo, akacheka mpaka akashika mti.

"Watu wawili dungu moja hao ni wachumba, si wawindaji. Waliuza na shela?"

"Ni kwa wageni," Gordy akasema.

"Hatujawahi kuwa na mgeni."

Limefungwa kwenye mwaloni kule kambini, upande wa kinamasi. Tumeliita kitanda cha arusi. Merle alicheka nao, akiutazama mti mwingine.

25 Oktoba, Jumamosi
Leo naandika mengi, kahawa imepoa sijainywa.

Nimekwenda Big Moraine peke yangu, nimevaa koti la kanisani na midomo nimepaka rangi. Nilijiambia nikimaliza na mwanamke yule, duka zima litajua. Nilipita wale wa lozi bila kuwasalimu, nikaenda moja kwa moja kaunta ya darubini, nikasoma kibandiko kifuani mwa yule mwenye nywele nyekundu.

"Wewe ndiye Twyla?"

"Kibandiko kinasema hivyo."

"Mimi ni mke wa Merle Tollefson."

Nikangoja abadilike rangi. Hakubadilika. Akaweka chini kitambaa cha kufutia vioo.

"Afadhali umekuja," akasema. "Nilikuwa nawaza nitakupataje."

"Mimi pia nilikuwa nawaza."

Akanitazama vizuri, akaona midomo, akaona koti. Akaelewa. Nilitegemea acheke na hakucheka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Bibi, mumeo anataka darubini mpya ya bunduki. Kila akija nampa moja, natoka naye mlangoni, namwambia anisomee bango la kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara. Ananiambia darubini hii mbovu. Nimempa ya dola mia mbili. Nimempa ya elfu mbili. Zote mbovu."

"Basi si umuuzie hiyo ya elfu mbili? Ndiyo kazi yenu hapa."

"Bosi wangu angefurahi sana." Akaniashiria niutazame mlima wa bandia. "Unamwona kulungu yule wa kushoto, juu ya jiwe?"

"Namwona."

"Wiki iliyopita nilimuuliza Merle pembe zake zina matawi mangapi. Akaniambia kumi, hapo hapo, bila kusita. Nilipomkaribisha mara ya kwanza palikuwa na dume la matawi kumi pale. Lakini tulikuwa tumeshaliondoa kwenda kufanyiwa usafi."

Nikatazama tena. Aliyesimama juu ya jiwe ni jike. Hana pembe hata moja.

"Alikuwa anakumbuka, haoni," Twyla akasema. "Baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Katikati ya jicho ndiko kunakokufa, pembeni kunabaki. Anatembea, hajikwai, unadhani mzima. Lakini akitaka kukuona wewe, lazima atazame kando yako."

Kulikuwa na kiti cha kujaribia buti. Nilikaa.

Nilikumbuka sikio langu. Wiki zote hizo nilihesabu kila alipolitazama kama kosa.

"Kwa nini haendi kwa Orv?" nikauliza. "Orv ni rafiki yake wa kufa na kuzikana."

"Si ndiyo sababu? Nilimuuliza mimi. Akaniambia, kwa Orv nikikosa kusoma bango, kabla sijafika nyumbani mji mzima unajua. Huku hakuna anayenijua."

Miezi yote nimelitukana duka lile kwa jambo hilo hilo, kwamba unaingia na kutoka hakuna anayekujua jina. Kumbe ndicho alichokuwa anakwenda kutafuta.

Twyla alinipa lozi kwenye mfuko wa karatasi, hakutaka nilipe. Nimezila zote ndani ya gari nikilia.

26 Oktoba
Tangu leo mimi ndiye dereva. Nimemwambia goti lake linahitaji kupumzika. Amenipa funguo haraka mno.

2 Novemba
Tumekwenda kambini kupasua kuni. Kibanda kiko vile vile, panya na moshi. Ukuta wa nyuma umejaa mikia ya mashati. Hapa kwetu mtu akimpiga kulungu risasi akamkosa, jioni anasimama mbele ya jiko, wenzake wanamkata pindo la nyuma la shati, linapigiliwa misumari ukutani na jina lake. Gordy ana mikia ya kutosha kushonea shuka. Orv anayo. Mimi ninayo miwili, yote ya flana nyekundu. Merle hana hata mmoja. Kwa hiyo mkasi ni wake. Unaning'inia juu ya kitanda chake na hakuna mwingine anayeugusa.

Nilimwona akiupapasa mkasi ule, peke yake, alipodhani niko nje.

8 Novemba
Nimejaribu. Nilimngoja amalize kifungua kinywa nikamwambia, "Merle, macho yako."

"Macho yangu yana nini?"

"Wewe ndiye uniambie."

"Macho yangu mazima. Wewe ndiye unayezeeka vibaya." Akaondoka mezani, akapita mlango bila kugusa fremu, wima kama askari. Anaijua nyumba hii kwa miguu.

Nimemwekea miadi kwa daktari wa macho. Nafasi ya karibu ni Desemba. Msimu wa bunduki unafunguliwa tarehe ishirini na mbili Novemba. Gordy hukaa ng'ambo ya kinamasi, mbele ya dungu la Merle. Orv hutambaa msituni kama kijana ingawa anakatazwa kila mwaka. Nguo zetu zote ni za rangi ya chungwa kali ili mtu asimdhanie mwenzake nyama, lakini rangi ina faida gani kwa jicho lisilo na katikati? Kama alimpiga sponji, atampiga na Gordy. Nikiwaambia, nimemvua nguo mbele ya watu aliowafundisha kuwinda. Nisipowaambia, nitaketi kwenye mazishi nikijua.

15 Novemba
Theluji, vidole viwili. Gordy alikuja jikoni Merle akiwa bafuni. Akatoa simu yake.

"Kamera yangu imemnasa mtu."

Ilikuwa picha ya jioni. Merle amesimama kando ya kulungu wa sponji, bila upinde, ameweka kiganja pale mshale ulipoingia. Kichwa amekigeuza upande.

"Sitamwambia mtu, Arlys," Gordy akasema. Macho yalikuwa mekundu. "Lakini nimemkosea nini? Ananichukia nini?"

Nilitaka kumwambia. Maji ya bafuni yakafungwa. Nikamwambia, "Hakuchukii," akaondoka hajaniamini. Najua, kwa sababu na mimi nisingejiamini.

20 Novemba
Nimetoa komeo la bunduki ya Merle, kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi, ambacho bila hicho bunduki ni fimbo tu. Nimelifukia ndani ya kopo la unga. Mimi, niliyemshuku mwenzangu kwa siri miezi miwili, sasa nina siri kubwa kuliko yake.

22 Novemba, Jumamosi, kambini
Hakuna upepo. Theluji hadi kifundo. Naandika nikiwa na glavu moja, wenzangu bado wanavaa.

Jana tulikula maharage na soseji kama desturi. Gordy hakumsemesha Merle njia nzima. Baada ya kula, watu wakatoa bunduki kuzifuta. Merle akafungua mfuko wake. Nilimtazama mkono. Ulishuka kwenye bunduki, ukafika mahali pa komeo, ukasimama. Akapapasa tena. Akapapasa mfukoni, mfuko wa pembeni, chini ya mfuko.

Orv akacheka. "Mzee umesahau komeo! Yallah, dunia imekwisha, Merle Tollefson kasahau komeo!"

"Mwaka huu utawinda kwa kutukana," Gordy akasema, na hakuwa anatania.

Merle akaacha kupapasa. Akageuza kichwa. Hakunitazama mimi, alitazama kitasa cha mlango upande wangu wa kulia, na nilijua sasa maana yake. Alinitazama hivyo muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli, na kama angeniuliza mbele yao ningeliangusha.

Hakuniuliza. Alifunga mfuko taratibu.

"Gordy," akasema, "nani alimpiga mshale kulungu wako?"

Gordy akatazama sakafu. "Vijana, ulisema."

"Ni mimi. Nilikuwa nimetembea na upinde jioni ile, nikamwona dume amesimama ukingoni, hajanisikia. Nikafurahi kwelikweli, kwa sababu sikuwa nimeona mnyama msimu mzima. Nikampiga. Hakuanguka. Nikamkaribia, bado hakuanguka. Nikamshika ndipo nikajua."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa mtu mwingine, mwaka mwingine, kicheko kingebomoa paa.

"Nilidhani unanichukia," Gordy akasema.

"Nilidhani ni nyama, Gordy. Mara nyingine itakuwa wewe."

Akasimama. Akatoa shati nje ya suruali, lile shati zito la sufu ya mirabamiraba alilopewa na baba yake, akaenda mbele ya jiko mahali wanaposimama waliokosa. Akaunyosha mkono juu ya kitanda chake, akauchukua mkasi msumarini.

"Merle, hujakosa kitu," Orv akasema. "Msimu haujafunguliwa hata."

"Sitangoja nikose." Akanyosha mkasi upande wangu, karibu kunipita. "Akate aliyeficha komeo."

Nikainuka. Sufu ile ni ngumu, mkasi ulikuwa butu kwa sababu yeye mwenyewe aliunoa na akadanganya anaona. Nilikata huku nalia, mkato umekwenda kombo. Orv ndiye aliyepigilia msumari. Alipiga mara ya kwanza akakosa, akajipiga kidole, akatukana, kisha akaweka paji la uso kwenye ukuta akakaa hivyo.

"Mjinga wewe," akasema bila kugeuka. "Tangu Septemba kofia yako inanuka lozi. Nilidhani umechoka na duka langu. Nimekaa miezi miwili nahesabu nimekuudhi wapi."

"Nilikwenda kwa sababu kule hawanijui."

"Na sisi tunaokujua tuna ubaya gani?"

Gordy alimmiminia Merle kahawa akaiweka mkononi mwake kabisa, asiitafute.

Wananiita. Leo nakaa kitanda cha arusi, na siendi peke yangu.

Siku hiyo hiyo, jioni
Tulipanda gizani, mimi na bunduki, yeye na chupa ya chai. Kiti kile cha Gordy kinapwaya lakini kinatosha. Nitakuwa mkweli, ni dungu zuri kuliko yote tuliyojenga wenyewe, na nikikutana na Twyla nitamwambia.

Palipambazuka. Kisha Merle akagusa goti langu. Mimi sikuwa nimeona wala kusikia. Akaelekeza kidole kinamasini, kidogo kushoto, akangoja, akanigusa tena. Ndipo jani moja lenye barafu likavunjika, na dume likatoka, kubwa, mvuke puani, hatua chache kutoka tulipo.

"Lina matawi mangapi?" akaninong'oneza.

Nikamhesabia. Nikamwambia manyoya ya shingo, nikamwambia jinsi lilivyoinua mguu wa mbele. Nilimsimulia mpaka nikasahau nilichopandia. Lilipogeuka kuondoka nilikumbuka, nikapiga haraka, nikapiga mti.

Merle alicheka kicheko chake cha kaunta ya darubini. Alicheka mpaka Gordy ng'ambo ya kinamasi akapiga filimbi kutunyamazisha.

Kwa hiyo nimesimama mbele ya jiko jioni hii na mimi. Merle amekata mwenyewe, mkasi ukifuata vidole vyake, mkato umenyooka kuliko wangu. Mkia wangu wa tatu umepigiliwa kando ya wake.

Orv hajaridhika. Amenizunguka na uma wake wa maharage.

"Hatua chache, Arlys. Wewe? Ulikosa kwa makusudi."

"Muulize Merle. Yeye ndiye shahidi."

Merle alikuwa amekaa ng'ambo ya meza, mezani pana taa, sufuria, mikono yetu yote. Aligeuza uso, akaukazia macho mlango uliofungwa, kando kidogo ya sikio langu, akatabasamu. Nikajitengeneza nywele, kwa sababu mume wangu alikuwa ananitazama.